Mchezaji wa Kati

Katika lugha yetu neno kiungo lina kazi tatu. Kiungo ni mahali mfupa unapokutana na mfupa mwenzake, kama vile goti au kiwiko. Kiungo ni kitu kitiwacho chunguni ili chakula kipate ladha, kama vile bizari, iliki au tangawizi. Na siku hizi kiungo ni mchezaji wa mpira wa miguu asimamaye katikati ya uwanja, nyuma yake walinzi, mbele yake washambuliaji. Aliyelitoa neno hili mwilini na jikoni akalipeleka uwanjani alikuwa mtu mwenye macho. Goti halina wa kulisifu mpaka siku liumapo. Bizari haitajwi na walaji mpaka siku iliposahauliwa. Mchezaji wa kati ana bahati iyo hiyo. Akitenda kazi yake sawasawa watu humsifu aliyefunga bao. Akikosa, watu wote huulizana timu imepatwa na nini.

Nikisimamia michezo ya jioni shuleni petu, nikauliza nani atacheza wapi, mikono mingi huinuka kwa nafasi za mbele, michache kwa nafasi ya mlinda lango, na kwa nafasi ya kati huinuka mkono wa yule ambaye hakusikia swali. Basi nimeona vema, msomaji, nikusimulie habari za mtu mmoja aliyeichukua nafasi hiyo akakaa nayo muda wa miaka ishirini hivi. Jina lake ni Zheng Zhi, naye ni Mchina. Kwao jina la ukoo hutangulia: Zheng ni la ukoo, na Zhi ndilo alilopewa na wazazi wake.

Sikumchagua kwa umaarufu wake, maana katika nchi yetu wanaomjua ni wachache. Nimemchagua kwa sababu ya swali ambalo maisha yake ya mpira yanaliweka mbele yetu. Mtu akitenda kazi njema katika nyumba isiyokuwa yake, na nyumba ile ikaja ikaanguka, ile kazi njema huenda wapi? Wewe usomaye kurasa hizi yamkini siku moja utaajiriwa na mtu mwingine, kama nilivyoajiriwa mimi, wala hutaulizwa jinsi msingi wa nyumba yake ulivyochimbwa.

Zheng Zhi alizaliwa tarehe 20 Agosti 1980 katika Shenyang, mji mkuu wa jimbo la Liaoning, upande wa kaskazini mashariki ya Uchina. Ni mji wa viwanda vya chuma na mitambo, na baridi yake ni ile igandishayo mito. Watu wa jimbo hilo walikuwa na sababu ya kujivunia mpira wao. Mwaka 1990, Zheng akiwa mtoto wa miaka tisa, timu ya Liaoning ilitwaa kombe la klabu bingwa za bara la Asia, ikawa timu ya kwanza ya Kichina kupata heshima hiyo. Liweke jambo hili akilini, msomaji, kwa maana tutalirudia.

Alilelewa kimpira katika jimbo lake, akaanza kucheza kama mlinzi. Mwaka 2001 akaondoka kwao akaenda Shenzhen, ambao ni mji wa kusini kabisa, jirani na Hong Kong. Safari hiyo ni ya kuvuka nchi nzima, kutoka penye barafu hadi penye mvua za joto. Shenzhen ni mji wa namna ya peke yake. Serikali ya Uchina iliufanya kuwa eneo maalumu la biashara mwezi wa Agosti 1980, tarehe 26, yaani mji huo mpya na mchezaji huyu walipishana kuzaliwa kwa siku sita tu. Pale palipokuwa na mashamba na mitumbwi ya wavuvi yaliota maghorofa; na katika mji wa namna hiyo kila kitu huanzishwa upesi, na klabu za mpira ni miongoni mwa hivyo vitu.

Huko Shenzhen alisogezwa kutoka ulinzini akawekwa kati. Mchezaji wa kati aliyepata kuwa mlinzi ana faida moja kubwa: anajua ni mahali gani mlinzi hupata hofu. Anapoupokea mpira hana haja ya kuambiwa ni nani nyuma yake aliye peke yake na ni nani anayehitaji kupumua. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba kabla ya kutaka kufunga mabao na wakae kwanza msimu mzima nyuma, lakini shauri hilo halijapata mfuasi hata mmoja.

Mwaka 2004 Uchina ilianzisha ligi mpya iliyoitwa Ligi Kuu, yenye timu 12, kwa nia ya kuufanya mpira wa nchi hiyo kuwa wa kulipwa kwelikweli. Bingwa wa kwanza wa ligi hiyo alikuwa Shenzhen Jianlibao, timu ya Zheng, chini ya kocha Zhu Guanghu. Jianlibao lilikuwa jina la kampuni ya vinywaji iliyoimiliki klabu. Na hapa ndipo penye ajabu. Kampuni ilikuwa imeingia katika matatizo, na katika msimu ule ule wa ubingwa wachezaji walikaa miezi mingi bila ya kulipwa mishahara yao. Ligi iliyoundwa ili wachezaji walipwe vizuri ilitwaliwa na timu ambayo haikulipwa.

Nimeyafikiri mambo haya mara nyingi kuliko nilivyofikiri makombe yote aliyoyapata baadaye. Nilipotoka chuo cha ualimu niliajiriwa katika shule moja ambayo sitaitaja, na katika mwaka wangu wa kwanza tulipitisha muhula mzima pasipo mshahara. Walimu tuligawanyika. Wako waliokuja darasani wakaketi, wakawaambia watoto wasome kitabu kimyakimya. Wako waliokwenda kutafuta vibarua. Na alikuwako mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mzima, ambaye kila jioni aliendelea kusahihisha madaftari kwa wino mwekundu alioununua kwa fedha yake mwenyewe. Vijana tulimcheka pembeni. Alipoulizwa alijibu kwamba watoto hawakuuchukua mshahara wake, basi kwa nini awatoze wao. Wakati huo huo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia ofisini kila Ijumaa kuudai mshahara huo kwa sauti ambayo sisi tuliocheka hatukuwa nayo.

Namtaja mwalimu yule kwa sababu kuna hatari katika kuwasifu watu wanaofanya kazi bila ya malipo. Asiyelipa hupenda sana kusikia wafanyakazi wake wakisifiwa uvumilivu. Sitaki, msomaji, utoke hapa ukidhani kwamba nasema mshahara si kitu. Mshahara ni haki, na anayeuzuia ni mwivi hata kama amevaa tai. Lakini Shenzhen wa mwaka 2004 walikuwa na mali moja ambayo tajiri wao hakuweza kuizuia, nayo ni namna walivyoucheza mpira siku ya mechi. Hiyo ilikuwa yao. Lau wangalicheza vibaya ili kumkomoa mwenye klabu, mwenye klabu asingalihisi sana. Wao wenyewe ndio wangalipoteza mwaka katika maisha ambayo miaka yake ya mpira ni michache. Kwa hiyo, mtu akiniuliza ni msimu gani uliokuwa mkubwa kuliko yote katika maisha ya Zheng Zhi, nitautaja ule, ijapokuwa najua kwamba wengi watautaja mwaka 2013.

Baada ya ubingwa timu ile ilianza kusambaratika. Mwaka 2005 Zheng alihamia Shandong Luneng, katika mji wa Jinan, klabu ya kampuni ya umeme, ambayo mishahara yake haikuwa na wasiwasi. Mwaka 2006 Shandong ilitwaa ligi na kombe la nchi kwa pamoja. Huko Zheng alitumiwa hata mbele, akafunga mabao mengi. Sina mengi ya kusema juu ya miaka hiyo. Mambo yakienda vizuri msimulizi hukosa kazi.

Watu wengi wa Ulaya walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza kwa ajili ya ajali. Tarehe 7 Juni 2006 timu ya taifa ya Uchina ilicheza na Ufaransa katika mji wa Saint-Étienne, siku chache kabla ya Kombe la Dunia. Zheng na mshambuliaji Djibril Cissé waligombea mpira huku wote wawili wakikimbia, Cissé akaanguka, na mguu wake ukavunjika. Mfaransa yule akalikosa Kombe la Dunia. Fikiri jinsi ilivyo kazi ngumu kwenda kutafuta ajira katika bara ambalo watu wake wanakukumbuka kwa picha kama ile.

Hata hivyo alikwenda. Mwishoni mwa mwaka 2006 klabu ya Charlton Athletic ya London ilimchukua kwa mkopo. Charlton ni klabu ya mitaa ya kusini mashariki ya mji huo, na uwanja wake unaitwa The Valley, maana yake Bonde. Ilikuwa imekaa katika ligi kuu ya Uingereza tangu mwaka 2000, lakini msimu ule ilikuwa inazama. Ilikuwa imekwisha badili makocha mara mbili kabla ya Krismasi, na kocha wa tatu, Alan Pardew, ndiye aliyempokea mgeni. Basi tazama hali ya mtu huyu: ana miaka 26, ametoka katika timu bingwa, lugha haijui vema, baridi ya Januari inauma, na mpira wa huko huchezwa kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na nyuki. Katika ligi kuu alifunga bao moja, katika mechi na Newcastle United mwezi wa Machi 2007, Charlton ikashinda 2–0. Bao halikutosha. Mwezi wa Mei Charlton ikashuka daraja.

Wachezaji wageni aghalabu huondoka timu inaposhuka, na mikataba yao mara nyingi huwaruhusu. Zheng alirudi. Mwezi wa Agosti 2007 Charlton ilimnunua moja kwa moja kutoka Shandong, akakaa nayo katika ligi ya daraja la pili misimu miwili. Msimu wa kwanza alifunga mabao 7. Msimu wa pili, wa 2008 na 2009, timu ilimaliza ya mwisho kabisa ikashuka tena, hata daraja la tatu. Hivyo basi katika misimu mitatu alishuka na klabu ile ile mara mbili. Kwa mtu aliyezoea vikombe, shule hiyo ilikuwa na ada kubwa.

Mwezi wa Septemba 2009 akaenda Scotland, katika klabu ya Celtic ya Glasgow. Hakupata nafasi nyingi. Kocha aliyemchukua, Tony Mowbray, alifukuzwa kabla ya msimu kwisha, na mchezaji aliyeletwa na kocha aliyefukuzwa ni kama mgeni aliyebaki mezani baada ya mwenyeji kuondoka. Wakenya tunaikumbuka klabu hiyo kwa furaha zaidi, kwa kuwa mwaka 2011 ilimchukua kijana wetu Victor Wanyama, naye akiwa mchezaji wa kati, na mwezi wa Novemba 2012 Wanyama akaipiga Barcelona bao la kichwa katika ushindi wa 2–1. Kiungo mmoja alitoka mlangoni akiwa hana sauti, na mwaka uliofuata mwingine akaingia mlango huo huo, ukamfungukia dunia. Si kila mlango uliofungwa una kosa la mgongaji.

Mwaka 2010 Zheng alikuwa anakaribia miaka thelathini. Kwa hesabu za mpira huo ni wakati wa mtu kukunja mkeka. Alirudi nyumbani, na mahali alipokwenda palikuwa mahali pa kushangaza: Guangzhou, klabu iliyokuwa katika daraja la pili. Tena haikushuka kwa kushindwa uwanjani. Ilishushwa kwa adhabu, baada ya kuthibitika kwamba matokeo ya mechi yake yaliwahi kupangwa kwa rushwa. Mnamo Machi mwaka huo kampuni ya kujenga na kuuza nyumba iitwayo Evergrande, ya tajiri Xu Jiayin, iliinunua klabu hiyo kwa yuan milioni 100. Zheng akavishwa kitambaa cha unahodha. Mwaka huo huo wakapanda. Mwaka uliofuata, 2011, wakawa mabingwa wa Uchina, na ubingwa huo hawakuuachia mtu mpaka 2017: miaka saba mfululizo. Wakautwaa tena mwaka 2019, Zheng akiwa na miaka 39 na bado akiwa uwanjani.

Fedha zilimiminwa kama maji ya bomba lililopasuka. Aliletwa Dario Conca kutoka Brazili, mchezaji wa Argentina, kwa mshahara uliomweka miongoni mwa wachezaji wanaolipwa zaidi duniani. Aliletwa Marcello Lippi, Mwitalia aliyeipatia nchi yake Kombe la Dunia mwaka 2006. Na katikati ya wageni hao wote wa bei kubwa alisimama mtu wa Shenyang, akikusanya mipira iliyopotea na kuigawa. Nimezitazama picha za mechi zake za miaka ile kwa makusudi, nikimfuata yeye peke yake na kuuacha mpira uende zake. Jaribu siku moja kufanya hivyo na mchezaji wowote wa kati. Utaona kwamba kabla ya kuupokea mpira hugeuza kichwa kulia na kushoto, tena na tena, kama mtu anayetaka kuvuka barabara yenye magari mengi. Utaona kwamba hatua zake nyingi hazimpeleki kwenye mpira hata kidogo, ila zinaziba njia ambayo adui alitaka kupita. Utaona akinyosha mkono kumwonyesha kijana mahali pa kusimama. Mambo hayo hayaandikwi katika gazeti la kesho yake.

Mwaka 2013 Guangzhou ilifika fainali ya klabu bingwa za Asia na kukutana na FC Seoul ya Korea Kusini. Mechi ya kwanza, huko Seoul, ilikwisha 2–2. Ya pili ilichezwa Guangzhou tarehe 9 Novemba, katika uwanja wa Tianhe, ikaisha 1–1. Kwa kanuni ya siku zile mabao ya ugenini yalikuwa na uzito zaidi, kwa hiyo kombe likabaki Guangzhou. Tangu Liaoning ya mwaka 1990, miaka 23, hakuna klabu ya Uchina iliyokuwa imelishika kombe la klabu bingwa za bara lile. Mtoto wa miaka tisa wa jimbo la Liaoning ndiye sasa aliyelipokea kama nahodha. Mwezi huo huo, katika Kuala Lumpur, Shirikisho la Mpira la Asia lilimtangaza kuwa mchezaji bora wa mwaka wa bara zima. Alikuwa na miaka 33, na Mchina wa mwisho kuipata tuzo hiyo alikuwa Fan Zhiyi mwaka 2001. Nafurahi kila nikumbukapo kwamba waamuzi wa tuzo, ambao macho yao kwa kawaida huvutwa na wafungaji, mwaka ule walitazama katikati.

Mwezi wa Disemba timu ilikuja katika bara letu, Moroko, kucheza kombe la klabu za dunia. Iliishinda Al Ahly ya Misri 2–0, kisha ikafungwa na Bayern Munich ya Ujerumani 3–0. Mwaka 2015 ikatwaa kombe la Asia mara ya pili, kwa kuishinda Al-Ahli ya Dubai.

Sasa inanipasa kueleza fedha zile zilitoka wapi, maana bila ya hayo habari hii haieleweki. Evergrande ilikopa ili kununua ardhi. Ikauza nyumba kabla ya kuzijenga, wanunuzi wakalipa mapema. Fedha za wanunuzi na mikopo mipya zikatumika kununua ardhi nyingine, na juu ya ardhi hiyo ikauza nyumba nyingine ambazo hazijajengwa. Biashara ya namna hii ni kama kuendesha baiskeli: haina neno maadamu magurudumu yanazunguka. Klabu ya mpira ilikuwa bendera yake. Kila kombe lilikuwa tangazo, na kila tangazo liliuza nyumba. Mwezi wa Aprili 2020 kampuni ilianza kujenga uwanja wa watu 100,000, wenye umbo la ua la yungiyungi, ambao ungegharimu yuan bilioni 12. Mwaka huo huo serikali iliweka mipaka mikali juu ya mikopo ya kampuni za nyumba. Baiskeli ikasimama. Mwaka 2021 ikajulikana duniani kote kwamba madeni ya Evergrande yalizidi dola bilioni 300. Kazi ya uwanja ikakatika, na lile yungiyungi halikuchanua. Tarehe 29 Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru kampuni ifilisiwe.

Nani alaumiwe? Simlaumu nahodha. Hakukopa yeye, wala hakuuza nyumba hewani. Lakini sitaki pia kuwasahau wale walioweka akiba zao za maisha katika vyumba ambavyo havikujengwa. Fedha iliyomlipa kiungo bora wa Asia ilipita katika mkono ule ule uliopokea akiba zao. Jambo hili hunisumbua, na ukilisoma likakusumbua wewe pia, usione vibaya. Mwaka 2004 Zheng alicheza kwa ubora bila ya kulipwa. Mwaka 2013 alicheza kwa ubora akilipwa kwa fedha ambayo mizizi yake ilikuwa deni. Yeye alikuwa mtu yule yule, hatua zake ni zile zile, kichwa chake kikigeuka kulia na kushoto. Ndiyo sababu naupenda zaidi ule mwaka wa kwanza.

Kocha Fabio Cannavaro alipoondoka mwezi wa Septemba 2021, wageni wa bei kubwa wakienda zao mmoja mmoja, klabu ilimkabidhi Zheng ukocha. Ndivyo ilivyo nyumba inapovuja: wapangaji huhama, na aliyekaa muda mrefu hupewa ndoo. Mwaka 2022, ikichezesha vijana, Guangzhou ilishuka daraja. Baadaye Zheng alikaa katika benchi la makocha wasaidizi wa timu ya taifa.

Klabu zake zimekuwaje? Liaoning, ile ya kombe la mwaka 1990, ilivunjwa mwaka 2020 kwa sababu ya madeni ya mishahara. Klabu ya Shenzhen ilivunjwa Januari 2024. Shandong ilivuka miaka hiyo salama, ikiwa na jina jipya la Taishan. Charlton ilihangaika katika daraja la tatu kwa misimu mingi, mpaka mwaka 2025 ikapanda daraja la pili.

Bado Guangzhou, nami kama mwalimu siwezi kuiacha kabla ya kuitaja shule yake. Mwaka 2012, katika siku za utajiri, Evergrande ilifungua shule ya mpira katika wilaya ya milimani huko Qingyuan, kaskazini ya Guangzhou, yenye majengo kama ngome za wafalme wa Ulaya na viwanja vipatavyo 50. Maelfu ya watoto walisoma hapo asubuhi na kucheza alasiri. Vijana waliobaki kuichezea klabu ilipoanguka wengi wao walikuwa wamelelewa katika shule hiyo. Hawakuwa na Conca wala Lippi. Walicheza daraja la pili mwaka 2023, na mwaka 2024 wakacheza vizuri zaidi, mashabiki wakaanza kurudi uwanjani wakiwa na jezi zao nyekundu za zamani. Msimu ulipokwisha mwezi wa Novemba walikuwa wa tatu. Wanaopanda ni wawili. Tarehe 6 Januari 2025 ilitangazwa kwamba klabu haikuruhusiwa kuingia katika ligi tena, kwa kuwa fedha iliyokusanywa haikutosha kulipa madeni ya zamani, na wale vijana wakakusanya viatu vyao wakaenda kutafuta timu nyingine.